Mwenye Silinda Tano Hapumziki

Jamani, mwenye gari la silinda nne nani humuuliza kitu? Hakuna. Wa silinda sita naye huachwa apite na heshima zake. Ila ukinunua pikapu ya silinda tano umejinunulia kesi. Kila anayefungua boneti anahesabu. Anahesabu kwa kidole, anafika tano, anarudia kuanzia upande wa pili, halafu ananitazama usoni kwa jicho la polisi.

"Mzee, hii nyingine iko wapi?"

Haipo! Haikuwahi kuwapo! Sijaiuza, sijaiweka rehani, wala hakuna fundi aliyeichomoa usiku.

Ngoja niseme mara moja, maana nimechoka kueleza kwenye foleni ya mafuta na hata mazishini. Injini yenyewe ni ile diseli ya Ford ya lita 3.2, iliyoingia kwenye Ranger mwaka 2011 na kwenye Mazda BT-50 ya enzi hiyo. Ina ndugu yake mdogo wa silinda nne, lita 2.2. Huyu mkubwa akapewa silinda moja zaidi na upana kidogo, akatoka na kilowati 147 na nguvu ya kuvuta ya Nm 470 inayoanza kwenye mizunguko 1,500 tu kwa dakika, yaani kabla hata hujakanyaga kwa hasira. Nyingi zilitengenezwa hapa hapa Afrika, kiwanda cha Struandale, Afrika Kusini. Wala si kituko cha Ford peke yao. Mercedes walifunga diseli ya silinda tano kwenye gari dogo mwaka 1974, Audi wakaja na ya petroli mwaka 1976, na Land Rover wakawa na diseli yao ya Td5 tangu 1998. Hao hakuna aliyewauliza ya sita iko wapi.

Halafu kuna suala la mlio. Jirani yangu ana sikio la hakimu. Nikiwasha asubuhi anatoka na mswaki mdomoni. "Baba Zuhura, gari lako linamisi." Halimisi, jirani. Injini ya silinda nne inapiga kila nyuzi 180 za mzunguko wa kranki, ya sita kila 120. Yangu nyuzi 720, yaani mizunguko miwili ya kranki, zinagawanywa kwa tano, inapiga kila 144. Ndiyo maana ina ule mngurumo wa kusitasita, nusu lori nusu simba. Nilimchorea hadi mchoro mchangani kwa kijiti. Akautazama, akatema povu pembeni, akasema, "Lakini linamisi."

Hayo yote ningeyabeba. Kinachonizeesha mimi ni kumwaga oili.

Injini hii ni ngumu, sikatai. Inatumia cheni ya taiming, ile inayofungua valvu kwa wakati wake, inavuta mzigo, inapanda mlima bila kulalamika. Lakini pampu yake ya oili ina roho ya kitajiri. Ukifungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ukaiacha oili imwagike muda mrefu, pampu yenyewe inakauka, na ukija kuwasha inashindwa kuvuta. Injini inazunguka bila oili, na injini inayozunguka bila oili unajua mwisho wake: inanoki, unaanza kutafuta nyingine. Maelekezo ya ufundi yanasema usizidishe dakika 10 kati ya kufungua na kuanza kujaza. Dakika 10!

Sasa nenda kamwambie hivyo fundi mwenye mvi. Mtu ameanza kumwaga oili kabla mimi sijaota meno, na imani yake ni moja: tone la mwisho ndilo chafu kuliko yote. Anafungua nati, anaweka beseni, anafuta mikono, na hapo ndipo simu yake inaita. Sijui kwa nini simu za mafundi huita wakati huo tu. Anapokea, anasalimia ukoo mzima, anatembea mpaka getini, anatembea mpaka barabarani. Mimi nimebaki na saa mkononi, jasho linanitoka, oili inatoka, kila mmoja anatoka.

"Fundi! Dakika ya saba!"

"Bosi tulia, iache ijichuje."

"Isijichuje! Weka nati!"

"Bosi, wewe umesomea wapi ufundi?"

Sijasomea popote. Ila nikisikia mtu anasema iache mpaka kesho asubuhi ili itoke yote, magoti yanalegea. Na kuna gereji moja wanaisifu sana mtaani, walinipokea vizuri, wakanipa kiti, kisha kijana akafungua nati na mkubwa wake akatangaza muda wa kula. Nililala chini ya gari na nguo zangu za kazini nikaifunga nati mwenyewe kwa mkono. Mama Zuhura aliponiona narudi mweusi mpaka masikioni aliuliza kitu kimoja tu: "Fundi ulimlipa?" Nililipa. Tena na ya ufundi.

Mengine ni ya kawaida. Kile kipozeo cha EGR, yaani cha moshi unaorudishwa ndani ya injini, hupoozwa kwa maji na kina sifa ya kuvuja, kwa hiyo maji ya rejeta unayachungulia mara kwa mara. Injekta hazipendi diseli chafu, na nani anaipenda? Mwenye diseli yoyote ya kisasa anaimba wimbo huo huo. Mtu akija kuniambia silinda tano ni mbovu kwa sababu ya EGR, namuuliza ya kwako inapumua kwa kutumia nini, karafuu?

Basi nimekaa na pikapu yangu, tumezoeana, nimejifunza kufoka dakika ya saba. Ndipo wakaiacha. Haikuachwa kwa kukosa nguvu. Iliachwa kwa hesabu za moshi na mafuta: sheria za hewa chafu zinabana kila mwaka, na injini kubwa ina kazi kubwa ya kujisafisha. Wakaleta ya lita 2.0, silinda nne, turbo mbili, gia 10. Ilitoka na kilowati 157 na Nm 500. Ranger mpya ilipotoka mwaka 2022, silinda tano haikuwamo kabisa. Anayetaka ukubwa anapewa V6, silinda sita, ya lita 3.0.

Nani alikuwa wa kwanza kuniletea taarifa ya msiba? Jirani. Tena siku hiyo mswaki hakuwa nao, alikuja na shati limenyooshwa. Yeye kanunua ile ya lita mbili. "Baba Zuhura, ndogo lakini inakupita." Sawa, inanipita. Gia 10 zote hizo, hata isiponipita itakuwa imekosa adabu. Nikamuuliza tu kama anajua kwamba injini za EcoBlue, ukoo wa hiyo lita mbili yake, zilitoka na mkanda wa taiming unaozunguka ndani ya oili, mpira unaoogelea maisha yake yote. Mimi nina cheni, ya chuma. Alinyamaza. Tangu siku hiyo hasemi tena kwamba linamisi, na mimi kila asubuhi naacha iungurume dakika mbili tatu za ziada, kwa ajili ya afya ya turbo bila shaka.

Lakini adui yangu hasa si jirani, ni hii habari ya "haitengenezwi tena". Nilifikiria kuuza. Dalali akaja, akazunguka gari, akapiga tairi teke, akahesabu silinda, akarudia kuhesabu. Kisha akavuta pumzi ya daktari. "Mzee, hii injini imeachwa. Haitengenezwi tena. Nani atainunua?" Akataja bei ambayo hata baiskeli ya Zuhura ingelia.

Nikasema basi nabaki nayo. Kesho yake nikaenda kutafuta pampu ya oili ya akiba, maana kwa mafundi ninaowajua ni lazima mtu awe na ya akiba. Mwenye duka akaitoa kwenye boksi, akaifuta vumbi kwa upendo, akaishika kwa mikono miwili. "Mzee, hii injini imeachwa. Haitengenezwi tena. Utaipata wapi nyingine?" Akataja bei nikadhani ananiuzia na duka.

Sauti ile nilikuwa nimeshaisikia. Kumbe yeye na dalali ni mtu na mdogo wake. Mmoja anakaa mbele na spea, mwingine anakaa nyuma na magari. Nikawaita wote wawili kaunta. Nikamwambia mwenye spea, ikiwa pampu moja ina thamani hiyo, mimi ninayo iliyofungwa ndani ya injini nzima, ina silinda tano, cheni, turbo, na gari zima limeizunguka. Mwambie mdogo wako apige hesabu upya. Wakatazamana. Mkubwa akasema ngoja apige simu. Akatoka nje, akatembea mpaka barabarani, na dakika 10 zikapita akiwa huko huko.