Kikosi cha hifadhi na kalenda ya Dodoma

Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha sita mwaka jana na sasa anaishi na mama yake katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, alinitumia fomu ya kujiunga na kikosi cha vijana wanaojitolea katika kazi za hifadhi ya mazingira, akaniomba nimshauri. Kazi zilizotajwa ni kupanda miti, kuchimba makinga maji, kuziba makorongo na kupogolea visiki. Malipo ni posho ya chakula na nauli, na mwishoni kuna cheti. Nilidhani ningemjibu kwa dakika tano. Nilipoisoma fomu mara ya pili nikaona kwamba hoja nyingi zinazotolewa kuvisifu au kuvibeza vikosi vya namna hii hulikwepa jambo ambalo mkulima yeyote wa Ugogo, nchi ya Wagogo huku Dodoma, angeliuliza kwanza, yaani kazi hiyo ni ya miezi gani.

Wanaoviunga mkono wana hoja nzito, na si haki kuwaona kuwa ni watu wa kupenda picha tu. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi kwa mvua chache kubwa zinazoikuta ardhi imepigwa na jua kwa miezi saba na kuwa ngumu kama sakafu. Maji hayazami, hutiririka, hubeba udongo wa juu na kuchimba korongo ambalo mwaka unaofuata huwa limeongezeka upana. Kuyazuia ni kazi ya mikono mingi. Kinga maji la nusu duara, kama yale yaliyochimbwa Pembamoto wilayani Kongwa, lina urefu wa mita 5 hivi na upana wa mita 2.5, udongo unaochimbuliwa hupangwa upande wa chini wa mteremko uwe tuta, na mdomo wake huelekezwa juu, yanakotoka maji. Kabla ya jembe la kwanza kushuka, mtu hupima usawa wa ardhi, na chombo rahisi cha kupimia ni fremu ya miti mitatu yenye umbo la herufi A, iliyoning'inizwa jiwe kwa uzi: uzi ukitulia katikati ya mti wa kati, miguu miwili ya fremu iko kwenye usawa mmoja. Kijana aliyeizungusha fremu hiyo kwa wiki mbili hataitazama tena miinuko ya shamba la nyumbani kwao kama alivyoitazama zamani, na ujuzi huo sikuupata mimi katika miaka yote niliyokaa darasani.

Hoja yao ya pili ni ya historia. Marekani, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, Rais Franklin Roosevelt alianzisha mwaka 1933 kikosi cha uhifadhi ambacho hadi kilipofungwa mwaka 1942 kilikuwa kimepitiwa na vijana wapatao milioni 3, wakapanda miti, wakajenga njia na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kwetu pia wazo la kijana kulitumikia taifa kwa jembe si geni, kwa kuwa Jeshi la Kujenga Taifa lina umri wa tangu Julai 1963. Lakini wanaoutaja mfano wa Marekani husahau kipengele ambacho kwangu ndicho kiini chake: kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zilipelekwa kwa wazazi wake. Nyumba iliyomtoa mtoto ilifidiwa.

Hapo ndipo fomu ya mpwa wangu inapokwama. Miche hupandwa wakati wa kifuku, yaani majira ya mvua, na kifuku ndicho wakati ambao mama yake anamhitaji kuliko wakati mwingine wowote. Desemba mvua ikigonga ardhi, mtama, uwele na alizeti havisubiri. Januari palizi huingia nyumba zote kwa siku zile zile, na asiye na mikono hukodi vibarua kwa bei ya juu katika miezi ambayo ghala limebaki na debe mbili. Kikosi kinachomchukua kijana mwezi huo na kumpa posho ya wali na nauli hakimchukui yeye peke yake, bali kinachukua pia ekari moja ya mama yake iliyomezwa na magugu, na hesabu hiyo haionekani katika ripoti yoyote ya miche iliyopandwa.

Baya zaidi, miezi hiyo huenda inatumika kwa kazi yenye tija ndogo kuliko zote. Sisemi kwamba kupanda miti ni upuuzi. Kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani imeacha vivuli vinavyoonekana mjini, hasa pale ambapo kuna nyumba, bomba na mtu wa kumwagilia. Vijijini hali ni nyingine. Agosti iliyopita nilipita kando ya uwanja ambao Januari yake ulijaa watu wenye fulana za rangi moja. Mashimo yalikuwa yamepangwa kwa kamba, mazuri kabisa. Katika safu niliyoikagua, mashimo 20, mlikuwa na michongoma iliyokauka iliyowekwa kama uzio, mifuko ya plastiki ambayo miche haikuvuliwa wakati wa kupandwa, na miarobaini miwili hai, mmoja umetafunwa na mbuzi hadi usawa wa goti. Waliopanda hawakuwa wavivu. Waliondoka Januari, basi.

Mkoa wetu una ushahidi wa zamani zaidi kuhusu jambo hili. Mwaka 1973, mwaka ule ule Dodoma ilipochaguliwa kuwa makao makuu, ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, kwa msaada wa Sweden. Eneo lililoharibika vibaya la Kondoa, lenye kilometa za mraba zipatazo 1,256, lilichimbiwa makinga maji na kupandwa miti kwa nguvu kubwa. Badiliko kubwa lilikuja baada ya mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa katika eneo hilo. Nyasi na vichaka vilirudi vyenyewe, kutokana na mbegu na mizizi iliyokuwa bado ardhini. Gharama ililipwa na wafugaji walioamriwa kuhama, na mimi singependa kuona njia ile ikirudiwa. Wazee waliokuwa na kumbukumbu ya matuta ya kulazimishwa ya enzi za Waingereza walikuwa na sababu ya kuogopa neno hifadhi. Hata hivyo somo la kitaalamu linabaki: chini ya udongo huu tunaouona mtupu kuna miti inayongoja nafasi.

Ndiyo maana naitazama kwa heshima zaidi kazi inayojulikana sasa kama kisiki hai. Mkungugu, aina ya mgunga, ukikatwa hauwi umekufa; hutoa machipukizi mengi membamba yanayogombania mzizi mmoja. Mkulima huchagua kisiki, huacha machipukizi matatu hadi matano yenye afya na kuyapogolea mengine, hufunga kitambaa cha rangi ili mwenye jembe na mwenye ng'ombe wajue kwamba mti huo una mwenyewe, kisha huulinda. Hakuna mche wa kununua wala dumu la lita 20 la kubeba kichwani. Zaidi ya hayo, kupogolea na kuchimba makinga maji hufanyika wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, yaani katika miezi ambayo kijana wa kijijini hushinda kijiweni au hukimbilia kibarua mjini.

Wapinzani wa vikosi hivi wana hoja nyingine ambayo kalenda haiitatui. Kaya maskini zilizo katika mpango wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, zimekuwa zikilipwa ujira, hata kama ni mdogo, kwa ajira za muda za siku 60 kwa mwaka, na kazi zenyewe ni hizi hizi za malambo, makinga maji na miti. Kijana anayechimba bure kando ya mama anayelipwa kwa kuchimba anaweza, bila kukusudia, kumfundisha msimamizi kwamba kazi hiyo haina bei. Hoja hii naikubali kwa sehemu: kujitolea kwa mwezi mmoja kunafunza, lakini kujitolea kwa mwaka ni ajira iliyokosa mkataba.

Cheti nacho kitazamwe kwa macho makavu. Vijana wengi huamini kwamba ni tiketi ya kuajiriwa TFS, wakala wa misitu, au TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Taasisi hizo sasa zinafuata mfumo wa jeshi usu, yaani wa nidhamu na vyeo vya kijeshi, na kuna vyuo vinavyowaandaa watu kwa kazi hizo, kama Pasiansi kwa askari wa wanyamapori na Olmotonyi kwa misitu. Cheti cha kikosi kinaweza kumsaidia mwombaji wa chuo kueleza kwa nini anaitaka kazi hiyo, lakini hakichukui nafasi ya chuo. Kuhusu panga linaloteleza na kifutu anayelala chini ya majani makavu, neno langu ni fupi: kama fomu haisemi nani atalipa hospitali, usitie sahihi. Wazazi wa mabinti watauliza pia juu ya malazi, na wana haki ya kujibiwa kabla ya siku ya kuondoka.

Nilimwandikia mpwa wangu kwamba Desemba hadi Mei abaki na mama yake, na kwamba kuanzia Juni, uwele ukishaingia ndani, ningemruhusu kwa moyo mweupe aende miezi minne, mradi kikosi kifanye kazi katika mashamba ya watu walioridhia na kirudi kukagua visiki vyake kabla ya mvua. Alinijibu kwamba fomu haikutaja miezi wala mashamba ya nani. Amewapigia simu waratibu, wakamwambia wataangalia.