Askari aliyerudi salama hayumo katika orodha

Katika familia nyingi za Afrika Mashariki yupo babu ambaye habari zake zote za vita zimebaki katika sentensi moja: alikuwa Keya, yaani askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR), alipigana vita vya Hitila, akarudi. Wajukuu wanaotaka kujua zaidi huandika jina lake kwenye intaneti, na wasipoona kitu huacha. Mimi naamini wanaacha mapema mno, kwa kuwa wanamtafuta kwa jina, ilhali askari wa kawaida wa jeshi la kikoloni hupatikana zaidi kupitia kikosi chake.

Majina yanayopatikana kwa urahisi ni ya marehemu. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imeorodhesha waliofia vitani, na huko Taukkyan, karibu na Yangon, nchini Burma (Myanmar ya leo), upo ukumbusho wenye majina yapatayo 27,000 ya wanajeshi wasio na kaburi linalojulikana, askari wa Afrika wakiwemo. Aliyepona malaria, akavuka bahari na kurudi kulima shamba lake hana sababu ya kuwamo humo. Kwa vita vya kwanza, vile vya Mjerumani, hali ni chungu zaidi, kwani hata waliokufa wengi hawamo. Taarifa ya Tume hiyohiyo ya mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi waliobeba vyakula na risasi nyuma ya majeshi, mpaka kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliposalimu amri kule Abercorn, katika Zambia ya leo, mnamo Novemba 1918, ni sehemu kubwa ya watu hao, na sioni udhuru wowote unaoweza kutolewa kwa jambo hilo.

Kwa vita vya pili njia ipo. Vikosi viliandika shajara ya vita siku baada ya siku: vilipolala, mto vilioufikia, wangapi walijeruhiwa, wangapi walipelekwa hospitali kwa homa. Shajara za vikosi vilivyopigana Burma zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, huko Kew, London, katika fungu liitwalo WO 172. Maafisa Wazungu hutajwa humo kwa majina, na askari Mwafrika kwa kawaida huwa ni mmoja tu katika hesabu. Hata hivyo, ukishakijua kikosi chake unaweza kumfuata kambi kwa kambi, na ukajua mvua ilimkuta wapi.

Kikosi chenyewe utakijuaje? Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaoyachukulia masimulizi ya wazee kuwa hadithi za kupitisha jioni. Mzee aliyesema kwamba alipigana na Wafaransa hakuchanganyikiwa, ingawa kila kitabu cha shule humwambia mjukuu kwamba Wafaransa walikuwa upande mmoja na Waingereza. Mwaka 1942 Bukini, yaani Madagaska, ilikuwa mikononi mwa serikali ya Ufaransa iliyopatana na Hitler, na mwezi Septemba brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilishuka Majunga na kusonga kuelekea kusini, ikiwa na askari wa Kenya, Tanganyika na Nyasaland. Sentensi hiyo moja ya mzee inatosha kukupa mwaka, bandari na brigedi.

Babu yangu mzaa mama aliacha picha moja na medali moja ya nyota. Nyota hiyo ina ncha sita, na utepe wake ni wa bluu iliyokolea wenye mstari mpana mwekundu katikati na mistari ya rangi ya chungwa pembeni: ni Nyota ya Burma. Nyota za vita hivyo Waingereza walizitoa bila kuchongwa majina, kwa hiyo peke yake haithibitishi ilikuwa ya nani. Picha ndiyo inayosema zaidi, kwa sababu begani kuna alama ya kichwa cha kifaru, na hiyo ilikuwa alama ya divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo iliwafukuza Wajapani kupitia bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko mwaka 1944, katika matope na homa, ikafika Kalewa mwanzoni mwa Desemba, na daraja la chuma likatandazwa juu ya mto Chindwin. Mama alikuwa akisimuliwa habari za mto mpana na daraja refu tangu utotoni. Katika divisheni hiyo batalioni za Keya kutoka Tanganyika zilikuwa mbili, ya 26 na ya 36.

Kwa hiyo aliye na mzee, au mjane wa askari, amuulize leo mambo ya namna hii: meli ilitia nanga wapi, adui alikuwa nani, begani walivaa alama gani, walivuka mto gani. Amuulize pia aliandikishwa kwa jina gani, kwa sababu makarani waliandika walivyosikia, na wapo vijana waliojitaja kuwa wa kabila jingine kwa vile walijua Waingereza walipendelea makabila fulani jeshini. Nyaraka za Taifa za Dar es Salaam na Nairobi nazo zingeweza kutusaidia sana kama mafaili ya wilaya ya miaka ya 1939 hadi 1946 yangeorodheshwa upya kwa vikosi na vijiji, pamoja na magazeti ya wakati huo kama Mambo Leo na Baraza. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi kama inavyohitaji watu wanaosoma Kiswahili cha zama hizo na kuyatambua majina ya kwao hata yanapokuwa yameandikwa vibaya.

Kwangu mimi kilichobaki ni kuzilinganisha shajara za batalioni hizo mbili kwa mwezi wa Desemba 1944, na kuona ni ipi iliyopita mahali ambapo babu alisema waliwazika wenzao.