Bampa la Jumapili: dada wa watoto, gari la nyumbani na suala la kuandikishana

Wapo siku hizi waajiri wa Mtwara wanaotafuta dada wa watoto mwenye leseni. Baba yuko bandarini, mama ana ofisi yake, watoto wanasoma shule mbili tofauti, na gari dogo limekaa tu uani Shangani. Dada anayeendesha anawafikisha watoto, anapitia sokoni, anarudi kupika. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza Jumapili, siku yake ya mapumziko, anapouliza: "Mama, naomba gari nikamsalimie shangazi Mikindani."

Wanaokataa moja kwa moja sitawakalia sana. Gari ni mali yao, na mwajiri aliyesema hapana tangu siku ya kwanza hajamdanganya mtu. Ubishi wenye maana uko kati ya wale wanaokubali. Upande mmoja unasema mpe funguo aende, huyu ni mtoto wa nyumbani. Upande wa pili unasema sawa aende, lakini kwanza tuandikiane. Hawa wa pili ndio wanaosemwa vibaya: wagumu, hawana utu, wanajifanya Wazungu. Kwa maoni yangu wanaonewa.

Nianze na wapinzani wao, maana hawazungumzi upuuzi. Dada analala humo ndani, anakula sahani moja na watoto, ndiye anayeshtuka usiku mtoto akipandisha homa. Saa nane za usiku, mama akiwa safarini, hakuna atakayetafuta karatasi kuona kama inaruhusu gari liende Ligula hospitali. Ukimwekea masharti kumi ya gari, umemwambia pia kwamba yeye ni mtumishi na asijisahau. Wengine wanasema, na ni kweli, kwamba karatasi haijawahi kumfanya mtu kuwa mwaminifu. Msichana mwenye akili zake hahitaji kuandikiwa kwamba asinywe pombe akaendesha.

Yote hayo ni sawa mpaka siku bampa litakapokwaruzwa.

Tuseme amerudi salama kutoka Mikindani, ila wakati wa kuegesha amegusa nguzo ya geti. Fundi wa bodi anataka 150,000, kazi na rangi. Bima iliyopo ni ile ndogo, ya lazima, ambayo inamhusu mtu mwingine atakayeumizwa, si gari lako mwenyewe. Nani analipa? Katika nyumba isiyoandikiana, jibu hutolewa na mwenye hasira na mwenye pesa, naye ni mtu huyohuyo mmoja. Mwezi unapoisha mshahara unatoka pungufu, na aliyekuwa "kama mwanangu" anagundua alikuwa mwana mpaka kwenye geti. Mtoto wa kuzaa akigonga nguzo hufokewa, wiki ikapita, mambo yakaisha. Hakatwi mshahara.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeligusa jambo hili kwa ukaribu kuliko wengi wanavyodhani. Mwajiri hawezi kukata mshahara kufidia hasara mpaka mfanyakazi akubali kwa maandishi. Zaidi ya hapo, hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake, aelezwe kwa maandishi chanzo chake na hesabu yake, apewe nafasi ya kuipinga, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Jumapili ya kwenda kwa shangazi si kazini. Kwa ninavyokisoma kifungu hicho, bampa la Jumapili haliwezi kukatwa kwenye mshahara kabisa.

Hata lingekuwa bampa la Jumatatu, la kupeleka watoto shule, angalia hesabu. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Robo yake ni 15,000. Deni la 150,000 linamtumikisha miezi 10. Mlipe mara mbili ya hapo, bado ni miezi 5. Faini ya trafiki, hata ya kosa moja, inauma kwenye mshahara ule, na deni lake linasomeka kwenye namba ya gari lako, si kwenye jina lake. Mtu anayempa funguo msichana wa mshahara huo bila kusema nani atabeba nini anamwekea mtego, hata kama moyo wake ni mweupe.

Ndiyo maana nasema karatasi inamlinda dada kuliko inavyomlinda mwenye gari. Mwenye gari tayari ana kinga: ana nyumba, ana kauli, na anaweza kumwambia mtu afungashe arudi Newala kesho asubuhi. Dada ana kile mlichokubaliana tu, na kama hakikuandikwa kitakumbukwa kwa namna mbili.

Wanaosema tunaiga Wazungu waangalie vizuri Wazungu wenyewe wanafanyaje. Mpango wa au pair wa Ujerumani unamchukua kijana wa kigeni, 18 hadi 26, anakaa na familia, analea watoto saa zisizozidi 30 kwa wiki, anapewa posho ya euro 280 kwa mwezi na siku moja na nusu ya kupumzika kila wiki. Anahesabiwa ni mtu wa nyumbani, na bado kuna mkataba. Leseni ya Tanzania huko inamtumikia miezi 6 tu tangu ahamie, kisha afanye mtihani wao. Marekani, ambako mpango wao unafika saa 45 kwa wiki, familia nyingi huandika hadi saa ya gari kurudi na nani alipe sehemu ya hasara isiyolipwa na bima. Saa 45, kwa taarifa tu, ndiyo kikomo cha wiki cha sheria yetu pia, pamoja na saa 24 za mapumziko. Na sheria yetu hiyohiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Hatuhitaji kuiga kwa mtu.

Kuandika kwenyewe hakuhitaji wakili. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, na daftari lenyewe likae kwenye dashibodi: kilomita za kutoka, kilomita za kurudi. Mafuta yakubaliwe kwa lita, si kwa shilingi, kwa sababu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi na ile ya Mtwara hupanda na kushuka kivyake. Elfu kumi ya Januari inaweza isimfikishe mtu mahali palepale Juni. Leseni iwe daraja D na iwe hai. Safari ya ufukweni Msimbati isitajwe kwa mafumbo: ama inaruhusiwa ama hairuhusiwi, kwani mchanga wa ufuko ule hubaki kwenye kapeti za gari wiki nzima na chumvi yake inakula chuma polepole.

Kuna jambo wenye magari hawalisemi kwa sauti. Mji wetu ni mdogo na gari linajulikana kuliko mwenyewe. Likionekana limeegeshwa mbele ya baa saa nne usiku, hakuna atakayesema dada alikuwa Jumapili yake, watasema baba. Ni hofu halali, na ninamwelewa mama anayeulizwa sokoni gari lao lilikuwa wapi jana. Basi aandike saa ya kurudi, na aandike sababu yake pia. Masharti yanayoelezwa hayaumi kama masharti yanayotupwa mezani.

Linalonisumbua hadi sasa ni msiba. Simu imekuja, bibi amefariki, na basi la asubuhi limeshaondoka. Barabara ya Mnivata, Newala hadi Masasi imekuwa ikiwekwa lami kipande kwa kipande, na si njia ya kumwachia peke yake mtu mwenye machozi machoni. Waliokataa kuandika hapa wana nguvu, kwa kuwa hakuna karatasi itakayotabiri msiba wa nani na lini. Mimi ningeandika hivi: msiba wa mzazi, bibi au ndugu wa tumbo moja, gari linakwenda, ila linaendeshwa na mtu wa nyumbani ambaye hakufiwa, na mafuta ni ya mwenye gari.