Harusi ya Mistari 87,020

Katika ukoo wetu hesabu ya harusi huandikwa daftarini, na daftari hukaa kwa Mamkubwa, ambaye hulihifadhi chini ya godoro na kulitoa siku ya kikao likiwa na madoa ya mchuzi katika kurasa zilezile zenye majina ya wasiolipa. Ilipofika zamu ya kumwoza mdogo wangu wa kike, niliteuliwa kuwa katibu wa kamati, nami nikatangaza mbele ya wazee, sebuleni kwetu Majengo, Mombasa, kwamba safari hii hakuna daftari. Tutatumia jedwali la mtandaoni, nikasema, ili aliye Malindi, aliye Voi na aliye Maskati waione hesabu ileile kwa wakati uleule, na asiwepo wa kusema kwamba jina lake liliruka.

Wazee wakataka kujua jedwali hilo ni kitu gani, nami sikuwa mtu wa kuinyima hadhira kama ile elimu niliyokuwa nayo. Niliwaeleza kwamba VisiCalc, jedwali la kwanza kutengenezewa kompyuta za watu binafsi, lilianza kuuzwa mwaka 1979, na kwamba waliolibuni ni Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston. Kwamba kampuni ya Google ilileta la kwake la mtandaoni mwaka 2006. Kwamba ukurasa mpya wa jedwali hilo hufunguka ukiwa na mistari 1,000 na safu wima 26, kuanzia A hadi Z, yaani seli, vile vijumba vya kuandikia, 26,000. Na kwamba faili zima huweza kubeba seli milioni kumi. Ami, ambaye alisinzia nilipokuwa kwenye VisiCalc, aliamka nilipofika kwenye milioni kumi, akauliza kwa heshima kubwa ni nani huyo aliyezitoa.

Faili nililiandaa usiku huohuo. Juu niliweka vichwa vya habari: Jina, Uhusiano, Simu, Ahadi, Taslimu, Baki. Juu zaidi niliweka fomula ya jumla, nikaipa uwezo wa kukusanya kila kitakachoandikwa chini ya Ahadi hata mistari ikiongezwa baadaye, kwa sababu ninaijua familia yangu na nilitarajia mistari itaongezwa. Kisha nikasambaza kiungo kwenye kundi la ukoo pamoja na maelezo ambayo hadi leo nayatetea kuwa ni Kiswahili safi kisicho na utata: "Ndugu wapendwa, fungueni kiungo hiki, teremkeni hadi chini kabisa, kisha ongezeni mchango wenu."

Kijana wa leo akiambiwa "chini kabisa" huandika kwenye mstari wa kwanza ulio wazi, kwa kuwa hana subira ya kwenda mbali. Wazee wetu hawakulelewa hivyo. Wao waliambiwa chini kabisa, wakateremka. Waliipita mistari mitupu mia moja, wakaipita mia tano, wengine wakipumzika njiani kunywa chai, hadi walipoufikia mstari wa 1,000, ambako dunia ya jedwali inakoma. Na pale ukingoni, kwa mtu anayetumia kompyuta, kuna kisanduku kidogo ambacho tayari kimeandikwa 1000, na kando yake kitufe cha Ongeza. Kazi ya kisanduku hicho ni kuongeza mistari mitupu pale chini, mingi kadiri ya namba iliyomo. Lakini mweke hapo mzee wa Kimombasa aliyetumwa kuongeza mchango wa harusi, ambaye anajua kwamba shilingi elfu moja ndicho kiwango ambacho mtu hutoa asionekane bahili wala tajiri, kisha umwambie kwamba kile si kikapu cha michango.

Wa kwanza alikuwa Ami mwenyewe, kwenye kompyuta ya nyumbani, nami nilikuwa jikoni. Baadaye alinisimulia kwamba aliiona ile 1000, akahisi kwamba kamati imemkadiria vibaya, akaifuta kwa kidole kimoja, akaandika 5000 na kubofya Ongeza. Mistari ikaongezeka papo hapo, akaridhika kwamba risiti imetoka. Nilipomuuliza kwa nini hakuandika jina lake, alinijibu kwamba mtambo ule aliununua yeye, basi lazima unamjua.

Mjomba wa Malindi aliingia jioni akitumia kompyuta ya ofisini kwake. Alishuka akakuta mwisho uko kwenye mstari wa 6,000, akatambua kwamba mtu amekwisha kutoa elfu tano, na kwa kuwa yeye na Ami hawajawahi kukubali mmoja amzidi mwenziwe tangu harusi ya mama yangu, aliweka 10000. Kutoka hapo kila aliyefuata alikuwa na safari ndefu kuliko aliyemtangulia. Mamdogo alipiga simu kulalamika kwamba kidole kinamuuma kwa kuteremka, ila alimshukuru Mungu kwa kuwa waliochanga walikuwa wengi namna ile, hata majina yao hayaonekani.

Babu alikuwa na shida ya mtandao. Aliikubali ile elfu moja iliyokuwa imeandikwa, akabofya, asione kitu. Akabofya tena, kimya. Akabofya mara ya tatu kwa ghadhabu, na mtandao uliporudi mistari elfu tatu ikashuka kwa pamoja.

Katikati ya hayo likatokea jambo la Ifriti, na ingawa halihusu hesabu moja kwa moja, siwezi kuliruka. Mtu anayefungua faili kwa kiungo bila kuingia kwa akaunti yake huonekana juu ya ukurasa kwa picha na jina la mnyama: ngamia, fisi, chatu, na kadhalika. Ila walioitunga orodha hiyo walichanganya humo na viumbe wa hadithi, na mmoja wao ni Ifriti. Mamkubwa, aliyekuwa akipita sebuleni na sinia la mahamri, alilisoma jina hilo juu ya hesabu ya harusi ya binti yake, likiwa na neno "asiyejulikana" mbele yake, akaliweka sinia chini. Alijifunga mtandio vizuri, akasimama mbele ya kompyuta na kuisomea Ayatul Kursi kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Alipomaliza tu, Ifriti akatoweka. Binamu yetu wa Voi anasema ni yeye, na kwamba muda aliolipia kwenye saiba ulikuwa umekwisha, lakini hakuna mtu nyumbani kwetu anayetaka kuyasikia maelezo hayo.

Siku ya kikao nilifungua faili mbele ya kamati nzima. Fomula ya jumla ilisoma sifuri. Chini ya Jina hapakuwa na jina, chini ya Ahadi hapakuwa na ahadi, na kompyuta yenyewe ilikuwa ikivuta pumzi kwa nguvu kila nilipojaribu kushuka. Sebule ikagawanyika mara moja. Ami alisema ametoa elfu tano na mtambo ni shahidi. Mjomba, aliyekuwa kwenye simu kutoka Malindi, alisema ametoa elfu kumi na asingependa kutajwa baada ya mtu wa elfu tano. Babu alisema ametoa elfu moja. Mamkubwa hakusema lolote, ila alilitazama godoro lake kupitia mlango uliokuwa wazi.

Aliyetuokoa ni mweka hazina, binamu yangu ambaye ni karani wa hesabu katika ghala moja bandarini, mwanamke asiyezungumza ila pale namba zinapokataa kukaa sawa. Alinisogeza kando, akakamata ule mwambaa wa kusogezea ulio kulia kwa ukurasa, akauvuta hadi mwisho, akasoma namba ya mstari wa mwisho: 87,020. Akakaa kimya. Kisha akauliza faili lilianza na mistari mingapi, nikamjibu elfu moja, akachukua kalamu na kuandika kwenye kiganja chake.

"Elfu themanini na sita na ishirini," alisema. "Hiyo ndiyo michango."

Nilimweleza kwa upole kwamba hiyo ni mistari. Yeye akanieleza, bila upole, kwamba kwa kuwa kila mtu ameandika fedha yake kwenye kisanduku cha mistari, basi kila mstari ni shilingi, na kwamba katika maisha yake ya ukarani hajapata kuona ahadi zilizohesabika kwa urahisi namna hiyo. Halafu alifungua historia ya matoleo, mahali ambapo faili hujihifadhia kumbukumbu ya jinsi lilivyokuwa kabla ya kila badiliko, akawa anaingia toleo moja baada ya jingine na kusoma mstari wa mwisho tu. Toleo la kwanza lilikoma kwenye 1,000. Lililofuata kwenye 6,000; huyo Ami. Kisha 16,000, huyo Mjomba, ambaye alisikika kwenye simu akisema "naam". Matoleo mengine yalikuwa yamejumlisha watu wawili au watatu kwa mkupuo, na hapo tulilazimika kuulizana uso kwa uso, jambo ambalo jedwali lililetwa ili kuliepusha. Kufikia adhuhuri kila elfu ilikuwa na mwenyewe.

Babu ndiye aliyeleta mgogoro. Kumbukumbu ilisema elfu tatu, yeye alisema moja. Mweka hazina alimwonyesha namba. Babu aliitazama skrini, akawatazama wajukuu waliokuwa wakitazama skrini, akapima hasara ya shilingi elfu mbili dhidi ya hasara ya kuonekana amepunguza, kisha akatangaza kwamba alibofya mara tatu kwa makusudi, mara moja kwa ajili ya kila usiku wa sherehe.

Ilibaki ile ishirini. Vijana walicheka kwamba kuna mtu ametoa shilingi ishirini, pesa isiyotosha hata mahamri mawili, na kicheko kikasafiri kwenye kundi la ukoo kabla hatujamaliza kukaa. Haikupita muda simu ikalia kutoka Maskati. Ilikuwa ni Shangazi. Alianza kwa kutusalimu mmoja mmoja, jambo ambalo kwa Shangazi ni dalili mbaya, kisha akauliza ni nani aliyesema ametoa kidogo, kwa sababu yeye alitoa riyali ishirini za Oman, na riyali moja ya Oman inazidi dola mbili na nusu za Marekani, kwa hiyo alichotoa kilizidi dola hamsini, na kama kuna mtu katika kikao hicho aliyetoa dola hamsini anyooshe mkono. Ami, ambaye elfu tano zake hazikufika hapo, aliangalia dari. Shangazi alidai aongezewe mistari hadi ilingane na thamani ya riyali, na nilikubali, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuongeza mistari mitupu elfu kadhaa kuliko kumweleza Shangazi kwamba mistari haina thamani.

Tulidhani tumemaliza, mpaka alipotokea Mheshimiwa.

Mheshimiwa ni jamaa yetu upande wa nyanya, na msimu ule alikuwa akiwania kiti cha wadi, kwa hiyo alikuwa akihudhuria harusi za watu asiowajua, sembuse yetu. Alifungua kiungo mbele ya wapambe wake, akateremka hadi chini kabisa kama maelezo yangu yanavyotaka, akaandika 500000, akabofya Ongeza. Faili likakataa. Hesabu yake ni nyepesi: mistari laki tano mara safu wima 26 ni seli milioni kumi na tatu, na faili lina kikomo cha milioni kumi. Alibofya tena, likakataa tena. Alinipigia akiwa amekasirika, akitaka kujua kwa nini mtambo wa kamati yangu unapokea elfu za watu wadogo na kukataa nusu milioni ya kiongozi. Nilimwomba azilete taslimu au azitume kwa simu. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba yeye ni mtu wa utaratibu, na asingependa kuonekana anaupita mfumo uliowekwa na kamati.

Fedha zilikusanywa kwa njia ya kawaida, yaani mweka hazina alizunguka nyumba kwa nyumba akiwa na orodha, na harusi ikafana. Biriani ilitosha, jambo ambalo kwetu halitokei. Usiku wa mwisho, katikati ya hotuba, Mheshimiwa aliomba kipaza sauti. Alisema yeye hapendi kujisifu, lakini ukweli lazima usemwe: alichangia nusu milioni, na kompyuta ikazikataa. "Kama mnadhani nasema uongo," aliendelea, akinyoosha mkono kwenye meza yetu, "muulizeni katibu."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nilisimama, nikatafuta kosa katika maneno yake, nisilione, nikasema kwamba ni kweli. Vigelegele vilipigwa, na wapambe wake wakaanza wimbo. Nilipoketi, Ami aliniinamia sikioni na kuniuliza kama faili lile lingeweza kuzikataa na zile elfu tano zake, kwa kuwa mweka hazina alikuwa bado anazidai.