Abiria si sarafu: kozi za gemu "bila kodi" zinakufikisha wapi?

Ukisoma haraka tangazo linalosema "tengeneza gemu bila kodi", unaweza kudhani TRA wametoa msamaha. Kodi inayosemwa hapa ni ile ya kompyuta, ambayo vitabuni tunaiita msimbo: maagizo yanayoandikwa mstari kwa mstari ili mashine ijue la kufanya. Matangazo haya yamejaa mtandaoni, mengi yakiwa na bei ya zamani iliyopigwa mstari mwekundu na saa inayohesabu kurudi nyuma, eti punguzo linaisha leo usiku. Kesho ukifungua tena, unakuta "leo usiku" nayo imesogea.

Mimi niliingizwa kwenye habari hizi na mpwa wangu. Yuko Tanga, amemaliza kidato cha nne, ana simu yenye kioo kilichopasuka na laptopu ya mitumba aliyoachiwa na baba yake. Alichagua kozi ya bure inayotumia GDevelop, programu huria inayofunguka hata kwenye kivinjari. Humo huandiki kitu chochote kinachofanana na msimbo. Unapewa jedwali lenye pande mbili: kushoto masharti, kulia matendo. Kushoto unaweka "mchezaji amegusa sarafu". Kulia unaweka "futa sarafu" na "ongeza pointi 1". Jioni mbili tu, kijana alikuwa na kimtu kinachoruka na kuokota sarafu, na nyumba nzima ilishaitwa kuja kutazama.

Jioni ya tatu akaamua kuachana na sarafu. Alitaka gemu ya daladala: unaendesha kutoka kituo hadi kituo, abiria wanakimbilia mlangoni, kila mmoja nauli 600. Akanakili alichofundishwa. Kushoto, abiria amegusa daladala. Kulia, ongeza 600. Akabonyeza kucheza, abiria wa kwanza akapanda, na simu yangu ikaita.

"Shikamoo mjomba. Hela zinajaa zenyewe!"

Kilichotokea ni hiki. Gemu haiulizi swali lake mara moja. Inalisoma jedwali lote takriban mara 60 kwa sekunde, na kila sharti linapokuwa kweli, tendo linafanyika. Sarafu ya kwenye kozi ilifutwa mara tu ilipoguswa, kwa hiyo jibu la "ndiyo" lilipatikana mara moja, basi. Abiria hafutwi. Amepanda, yupo, amegusana na gari kituo hadi kituo. Kwa sekunde moja konda amevuna 36,000 kutoka kwa mtu mmoja. Mwalimu wa kozi hakudanganya popote, ila alichagua mfano ambao unalificha jambo lenyewe.

Kwangu mimi ubishi wote uko hapo. Kozi za "bila kodi" zinakuondolea kazi ya kuandika: nukta, mabano, tahajia ambayo ukikosea herufi moja kila kitu kinagoma. Kazi ya kufikiri kama mtengenezaji wa programu zinakuachia yote, na nyingi hazikuambii kwamba zimekuachia.

Wanaozitetea hawajakosa ushahidi, na si haki kuwadharau. Mwishoni mwa 2015 Mmarekani David Reichelt, ambaye hakuwa mwandishi wa msimbo, alitoa Color Switch, gemu ya simu aliyoitengeneza kwa Buildbox kwa kuburuta vitu na kuvipanga, nayo ikapanda hadi kileleni kwenye orodha za App Store. Hollow Knight, iliyotolewa na Team Cherry ya Australia mwaka 2017, ina maadui wengi ambao tabia zao ziliundwa kwa PlayMaker, nyongeza ya programu ya kutengenezea gemu iitwayo Unity; nyongeza hiyo inakuwezesha kupanga mantiki kwa visanduku na mishale badala ya maandishi. Hata CS50, kozi maarufu ya Chuo Kikuu cha Harvard inayopatikana bure mtandaoni, humwanzisha mwanafunzi kwa Scratch, programu ya kupanga vitalu vya rangi badala ya kuandika, kabla ya kumgusisha lugha ya msimbo ya C. Ila tuangalie pia kilichonyamaziwa. Team Cherry walikuwa na mtu wa kuandika msimbo ndani ya timu, na CS50 wanakaa kwenye Scratch muda mfupi tu kisha wanahama.

Upande wa pili una kisa ambacho wauza kozi hawakipendi. Godot, injini huria ya gemu (yaani programu ya kuzitengenezea), ilipotoa toleo la 3.0 mwaka 2018 ilikuja na VisualScript, njia ya kupanga mantiki kwa michoro bila kuandika. Toleo la 4.0 lilipotoka mwaka 2023, VisualScript haikuwemo. Wenyewe walisema waziwazi kwamba waliokuwa wakiitumia ni wachache mno. Ninavyokisoma mimi kisa hicho, aliyejua kuandika aliona visanduku vinamchelewesha, na asiyejua aliona ugumu ni uleule, umevalishwa rangi tu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Kiswahili tungepaswa kulisema zaidi kuliko watu wote. Tunaambiwa msimbo ni mgumu kwa sababu ni Kiingereza. Sawa, lakini maneno ya msingi ya lugha ya msimbo kama Python hayafiki 40. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuyakariri kama alivyokariri wimbo. Sasa fungua programu ya "bila kodi" uone: menyu juu ya menyu, mamia ya masharti na matendo, kila moja ni sentensi nzima ya Kiingereza, na mengine yanatofautiana kwa neno moja tu. Umekimbia Kiingereza kidogo ukaangukia Kiingereza kingi. Scratch ndiyo iliyonusurika kwenye lawama hii, kwa kuwa unaweza kuigeuza vitalu vyake vikasomeka kwa Kiswahili. Ajabu ni kwamba ndiyo inayoitwa ya watoto, na kijana wa miaka 18 anaona aibu kuonekana nayo.

Halafu kuna siku unapokwama. Msimbo ni maandishi: unaunakili, unaubandika mahali, unauliza. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, hata mtu asiye na mwalimu anaweza kubandika mistari yake kumi akaelezwa kosa liko wapi, kwa Kiswahili akitaka. Jedwali la masharti na matendo halibandikiki kirahisi namna hiyo. Mpwa wangu alikuwa akipiga picha ya kioo cha laptopu kwa simu yenye kioo kilichopasuka, ananitumia WhatsApp, nami nakuza picha kujua kama ile ni 600 au 60 na ufa.

Na programu zenyewe huzeeka. Waliojifunza Construct 2, programu nyingine ya "bila kodi", waliikuta imestaafishwa mwaka 2021, wakatakiwa kuhamia Construct 3 inayolipiwa kwa muda. Waandishi wa msimbo nao hawako salama kiasi hicho. Mwaka 2023 Unity ilitangaza ada kwa kila gemu inayosakinishwa, watu wakacharuka, na mwaka uliofuata ada hiyo ikafutwa. Tofauti ni kwamba anayejua kuandika anaweza kufungasha na kuhama, maana ujuzi mwingi anahama nao. Aliyezoea vitufe vya programu moja akihama anaanza kutafuta vitufe upya.

Pamoja na yote hayo, bado ningemwambia mtu aanzie huku. Najua watu wawili watatu ambao walianza na kozi nzito ya kuandika msimbo, wakaishia somo la nne, na hadi leo hawajatengeneza hata kidoti kinachotembea. Jioni mbili za sarafu zilimpa mpwa wangu kitu ambacho hakuna kozi ya mistari ingempa kwa jioni mbili: hamu ya kutengeneza cha kwake. Hata uvivu wa kozi yenyewe ulimsaidia. Kozi ilimpa picha za bure za magari, zote za kizungu, na alipozitazama akaona mlango wa abiria uko upande usio wake, kwa kuwa huko wanaendesha kulia. Ilimbidi achore Hiace yake mwenyewe, na mstari wa rangi wa njia yake. Haikuwa picha nzuri, lakini ukiiona unajua ni ya huku.

Ninachokataa ni kulipia. Kozi ya bure na ya dola 15 mara nyingi zinafundisha sarafu ileile, na hela hiyo ni afadhali iende kwenye bando, maana saa moja ya video humeza mamia ya megabaiti hata ukishusha ubora. Watu husahau kwamba kwetu kikwazo cha kwanza si msimbo. Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, alijifunza mwenyewe kutengeneza gemu kwa laptopu ambayo mama yake aliiwekea akiba ya dola 300 kwa miaka mitatu, na kuichaji alitembea saa tatu. Gemu yake inaitwa Salaam. Kwake, kuandika mistari hakukuwa ndiyo shida kubwa.

Kozi hizi zina ukimya mwingine, kuhusu siku ya kuitoa gemu. Video ya mwisho husema "sasa pakia Play Store" kana kwamba ni kufungua mlango uliorudishwa tu. Akaunti ya mtengenezaji ya Google Play ni dola 25, unalipa mara moja, kwa kadi, na mtu wa M-Pesa atafute kadi ya mtandaoni kwanza. Na tangu mwishoni mwa 2023, akaunti mpya ya mtu binafsi lazima ipate watu wa kuijaribu gemu kwa siku 14 mfululizo. Walikuwa 20, mwaka mmoja baadaye wakapunguzwa kuwa 12. Kuwapata watu 12 wenye simu za Android, ambao hawataifuta gemu yako siku ya tatu ili wapate nafasi ya picha, ni kozi nyingine kabisa. Kwa anayeanza ni bora kupakia itch.io, tovuti ya kuwekea gemu ambako hulipi kitu, na kutuma kiungo kwenye makundi.

Turudi kwenye daladala. Masomo mawili mbele, mpwa wangu alikuta sharti linaloagiza jambo lifanyike mara moja tu. Akalibandika, hela zikatulia, akaniandikia "Imekubali!" na alama za moto tano. Siku ya tatu akapiga tena.

"Mjomba, wakipanda wawili kwa pamoja, mmoja halipi."

Nikamwambia hilo hata kwenye daladala za Mbagala lipo. Hakucheka. Alikuwa amekaa nalo tangu asubuhi. Lile "mara moja tu" halimjui abiria huyu wala yule. Linajua kwamba mlango umeguswa, na maadamu bado umeguswa, wa pili anapita bure. Nilijua jibu, nikauma ulimi, nikamwambia nitampigia baada ya isha.

Nilipopiga, alikuwa amefunga laptopu na kufungua daftari la shule. Ameandika kwa kalamu: kila abiria apewe tiketi yake, sifuri kama hajalipa, moja kama amelipa. Gari lisiulize kama limeguswa. Limpitie kila mmoja peke yake, limuulize, wewe umelipa?

"Hiyo kwenye kozi ipo?" nikamuuliza.

Akasema ameyaperuzi masomo sita yaliyobaki, hajaiona. Linalofuata ni namna ya kuongeza sarafu za rangi nyingine.