Likizo gani hiyo ya kulala koridoni?
Eti mwalimu anayewapeleka wanafunzi nje ya nchi anajipatia likizo ya bure? Hapo sikubaliani kabisa na makala inayodai hivyo. Nimewahi kusindikiza kidato cha tatu kutoka Nairobi hadi Arusha na Bonde la Olduvai, na kazi huanza wiki nyingi kabla ya safari: barua za idhini za wazazi, hati za kusafiria, kadi za chanjo ya homa ya manjano. Cheti cha chanjo hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo mzazi akichelewa, mtoto anabaki, na lawama ni za mwalimu. Mpakani Namanga unawahesabu wakishuka, unawahesabu wakitoka uhamiaji, unawahesabu tena ndani ya basi. Usiku ndio mzito zaidi. Vijana wa miaka 16 hawalali, nasi tunapokezana zamu koridoni mpaka alfajiri. Naam, kuwaona wamenyamaza pale Olduvai, mahali lilipopatikana fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, mwaka 1959 kulinifurahisha mno. Lakini posho sikuona, hata ya chakula. Wazazi mnaosoma hapa, shule za watoto wenu huwalipa walimu wanaosindikiza?