"Must" si "lazima" tu

Niliwahi kumwandikia mwenzangu wa kazini "You must not come", nikikusudia kumwambia si lazima aje. Yeye akasoma kilichoandikwa: usije, marufuku. Siku mbili tatu hakunisemesha, na alikuwa na haki.

Lawama naitupia ile orodha tunayokaririshwa: "can" ni weza, "must" ni lazima, "may" ni huenda. Vitenzi visaidizi hivi havina tafsiri ya neno kwa neno, kwa sababu kila kimoja kina kazi zaidi ya moja. "You must rest" ni agizo. "You must be tired" si agizo hata chembe. Nani huamrishwa achoke? Hapo msemaji ameona macho mekundu, akajumlisha mwenyewe. "May" nayo ni hivyo hivyo: "You may leave" ni ruhusa, "It may rain" ni kubahatisha, maana mvua haiombi ruhusa kwa mtu.

Balaa lenyewe liko kwenye ukanushi. "You must come" na "You have to come" zinakaribiana sana, lakini ukizikanusha kila moja inashika njia yake: "must not" inakataza, "don't have to" inaondoa ulazima. Kiswahili hakikupi nafasi ya kukosea hapa. Linganisha "lazima usije" na "si lazima uje": unaona kabisa kilichokanushwa ni kuja au ni ulazima. Kiingereza kinaficha jambo hilo ndani ya mazoea. Halafu kwenye kukisia, kinyume cha "He must be at home" kwa kawaida ni "He can't be at home". Mantiki yake usiniulize.

Wenye lugha nao huteleza. Mwaka 2007 kanuni za mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho za Marekani ziliandikwa upya na "shall" ikaondolewa, kwa kuwa mara ilisomeka kama amri, mara kama ruhusa, mara kama jambo jingine kabisa.

Tunafundishwa pia kwamba "could" ni wakati uliopita wa "can". Basi "Could you help me?" inauliza habari za jana? Ni adabu ile ile ya -nge- yetu: "ungeweza kunisaidia?" Na "will", ambayo wengi huiona kama alama kavu ya wakati ujao, asili yake ni kutaka, sawasawa na -ta- yetu. Ukibisha, tamka "atakayekuja" polepole uone "taka" ikichungulia. Mwalimu angeanzia hapo, mwanafunzi angeikuta nusu ya somo tayari iko kinywani mwake.

Yule mwenzangu siku hizi namwandikia "No need to come". Kitenzi kisaidizi nimekiacha kabisa.